Wa Mjerumani, au wa wakati wa Mjerumani?

Kazi yangu ni kuwatafutia watu mababu zao, kwa vipimo vya DNA vya mate na kwa nyaraka za zamani. Mwezi huu huyu ni wa nne anayedai ana babu Mjerumani. Kijana kaja na simu yenye kioo kilichopasuka, kanionyesha duara la rangi: Ulaya asilimia 6. "Umeona? Babu yetu Mjerumani. Sasa nitafutie jina lake." Kana kwamba jina limo kwenye mate.

Halimo. Zile asilimia za maeneo ni makisio tu. Kampuni inayopima inalinganisha vipande vya DNA yako na vya watu ilionao kwenye kumbukumbu zake, na kaskazini mwa Ulaya watu wameoana karne nyingi kiasi kwamba Mjerumani na Mholanzi ni vigumu kuwatenganisha. Mwakani wakisahihisha hesabu zao, Ujerumani yako inaweza kugeuka Uingereza, na wewe hujatema mate mapya. Chenye nguvu ni ile orodha ya ndugu ambayo watu hawaifungui: watu wengine waliopima ambao mnashirikiana vipande vya DNA, vinavyopimwa kwa sentimogani, yaani kipimo cha urefu wa vipande hivyo. Binamu wa kwanza mnashirikiana wastani wa 850 hivi, wa pili 230, wa tatu 70 na ushee, na karibu mmoja kati ya kila binamu kumi wa tatu hamshirikiani chochote kinachoonekana. Kitukuu amebakiwa na asilimia 12 na nusu ya DNA kutoka kwa babu huyo, kilembwe 6 na kidogo. Kwa hiyo mpime bibi kwanza, wewe baadaye.

Hesabu hazinikeri. Kinachonikera ni neno "Mjerumani".

Kwenye Kiswahili chetu Mjerumani si mtu, ni serikali, ni zama. Tukisema "Mjerumani alijenga reli", hakuna anayemwona mzee mmoja na koleo lake. Sasa bibi anasimulia kwamba mama yake alizaliwa wakati wa Mjerumani. Mtoto anakumbuka alizaliwa kwa Mjerumani. Mjukuu anasema alizaliwa na Mjerumani. Maneno mawili yamebadilika njiani, ukoo mzima umehamia Hamburg.

"Askari wa Mjerumani" ndiyo balaa zaidi. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alipokuja mwaka 1889 kupigana na Abushiri aliyeongoza upinzani wa pwani, alikuja na mamia ya Wasudani aliowaajiri Cairo, pamoja na Washangaani kutoka Msumbiji. Wako waliobaki, wakaoa, wakazaa. Nilimpima bibi mmoja ambaye ukoo wake wote unaapa kwa Mjerumani: Ulaya sifuri. Walinikasirikia, wakasema kichupa kimebadilishwa. Miezi baadaye nikaikuta rejista ya ubatizo ya mama yake. Wino umefifia, mwandiko ule wa Kijerumani wa zamani ambao herufi e ni kama n, na mahali pa baba pameandikwa maneno mawili: askari, Msudani. Hawajanialika harusi yoyote tangu siku hiyo.

Na hata akiwa mzungu kweli, mtoto aliyemwona mwaka 1912 hakumwomba pasipoti. Kulikuwa na Makaburu upande wa Arusha, kulikuwa na Wagiriki. Tena Wajerumani wenyewe walifukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1925. Mama aliyezaliwa Usambara mwaka 1933 na mlowezi wa Kijerumani, makaratasi yake ya serikali ni ya Kiingereza, kwa kuwa wakati huo Waingereza ndio waliotawala. Usipoteze mwezi kwenye mafaili ya Kijerumani.

Kuhusu nyaraka nitapita haraka. Cheti cha ndoa usikitafute: mwaka 1906 ndoa za Wajerumani na wenyeji zilipigwa marufuku hapa. Mafaili yapo Dar es Salaam na Berlin, ila mengi ya jeshi yaliungua Potsdam mabomu yalipoanguka Aprili 1945. Majina ya miji yafuate kwa tahajia ya Kijerumani: tafuta Moschi, Muansa na Udjidji, si Moshi, Mwanza na Ujiji. Lushoto ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg. Rejista za Wakatoliki ni za Kilatini, nami nimewahi kuletewa mti wa ukoo uliochorwa vizuri kabisa, juu kabisa amekaa babu aitwaye Pater Ignotus. Walidhani ni padri. Maana yake ni "baba hajulikani".

Na mimi nimekosea. Orodha ya ndugu ilinifikisha kwenye familia moja ya Ujerumani yenye kaka wawili, nikawaambia wateja wangu ni yule mkubwa. Barua zikaja kuonyesha kwamba mwaka ule wa mimba yule mkubwa alikuwa kwao Ujerumani. DNA ya vitukuu haiwezi kutenganisha ndugu wa tumbo moja, nilijua hivyo, na bado nilisema.

Jambo jingine sina jibu lake. Wengi wa akina mama waliozaa na wanaume hao walikuwa watumishi wa nyumbani, wasichana wa miaka 15 au 16. Siwezi kusoma kwenye sentimogani kama aliridhia. Wajukuu wanataka picha ya babu mwenye masharubu waitundike sebuleni, nami najiuliza kama bibi angetaka kuiona kila asubuhi.

Huyu wa kioo kilichopasuka bibi yake yupo hai, na kama hadithi ni kweli anabeba karibu robo nzima ya DNA ya Ulaya. Nimemtuma kwake na maswali matatu. Mzazi wako alizaliwa kabla Wajerumani hawajafukuzwa, au waliporudi? Alibatizwa wapi? Na wewe bibi, unataka tutafute? Mawili ya kwanza amenijibu siku hiyohiyo kwa simu. La tatu anasema atamuuliza Ijumaa.