Mbwa wa manyoya mazito hanyolewi kwa sababu ya joto

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda mwezi wa Desemba, ombi ninaloletewa mimi mtunza manyoya ya mbwa ni lile lile: "Mnyoe wote, bakiza kichwa tu." Mbwa mwenyewe ni German Shepherd, au Husky aliyenunuliwa kwa ajili ya macho yake ya bluu, amelala sakafuni ulimi nje. Nikikataa naulizwa, "Kwani wewe ungevaa koti la sufu kwenye joto hili?" Wiki hii nimeulizwa tena, na mtu ambaye tayari alikuwa amemnyoa wa kwake nyumbani kwa mashine ya kinyozi. Kwa hiyo naandika hapa, ili atakayeuliza kesho nimpe asome.

Hoja ya koti inasahau kitu kimoja. Binadamu anatoa jasho mwili mzima. Akivua koti, upepo unakausha jasho na mwili unapoa. Mbwa hana jasho la namna hiyo. Analo kidogo tu kwenye nyayo. Anachotegemea ni kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unakauka, joto linatoka nao. Ukimnyoa mgongo, hujamwongezea uwezo wa kuhema hata kidogo. Hapa pwani kuna tatizo la ziada, maana hewa yenyewe imejaa unyevu na mate hayakauki upesi. Ndiyo sababu mbwa wa Msasani anaweza kuelemewa na joto ambalo mbwa wa bara kukavu analivumilia.

Sasa tuje kwenye manyoya yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. German Shepherd, Husky, Labrador, Pomeranian, wote wana tabaka mbili. La juu ni nywele ndefu, ngumu kidogo, zinazozuia jua, maji na miiba. La ndani ni laini, fupi, limesongamana. Mbwa wa nchi zenye majira anapukutisha la ndani kwa wingi kadiri urefu wa mchana unavyobadilika. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu haubadiliki sana, kwa hiyo mbwa wetu anapukutisha kidogo kidogo mwaka mzima. Mwenye mbwa haoni msimu, basi hachani. Manyoya yaliyokufa yanabaki humo humo, yamenasa chini ya yale ya juu.

Mpandishe mbwa wa aina hiyo mezani, gawanya manyoya kwa vidole viwili nyuma ya sikio au kwenye mapaja, halafu tafuta ngozi. Mara nyingi huioni. Unakutana na tabaka la kijivu lililoshikana, ukilibonyeza lina unyevu, lina harufu ya uchachu, na chini yake ngozi imekuwa nyekundu. Hilo ndilo linalomchosha. Hewa haipiti.

Na hapa niwatendee haki wanaonyoa. Wanasema mbwa wao alichangamka siku hiyo hiyo, na nawaamini, nimewaona kwa macho yangu. Umemtoa lile tabaka lililooza, kwa nini asichangamke? Ila nafuu ile ile ungeipata kwa reki ya manyoya ya ndani na kitana cha chuma, huku tabaka la juu likibaki kazini. Tofauti ni kwamba kuchana German Shepherd aliyeachwa miezi mingi ni kazi ya saa kadhaa, na kunyoa ni ya dakika chache. Watu wanachagua dakika, halafu wanasema ni huruma. Hilo ndilo linaloniudhi.

Madhara ya kunyoa? Kwanza jua: ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, na jua la saa saba mchana likiipata wazi inaungua. Pili, manyoya ya ndani huota haraka kuliko ya juu, hivyo mbwa anarudi na kitu kama pamba kinachonasa kila mbegu na kila mchanga. Tatu, wengine hayaoti kabisa kwa miezi, hata kupita mwaka, wakabaki na mabaka. Husky, Pomeranian na Chow Chow ndio wanaoongoza.

Wenzangu wengi katika kazi hii watakwambia manyoya yakinyolewa hayarudi tena. Si kweli, mbwa wengi hurudi sawa. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kukuambia mapema wa kwako yuko kundi gani, na hata madaktari hawajakubaliana kwa nini inatokea. Wakati mwingine kinachojificha nyuma yake ni ugonjwa wa tezi ya shingo, na kunyoa ndiko kumeufichua.

Poodle, Maltese na Shih Tzu ni habari nyingine. Nywele zao hazikomi kurefuka, hao lazima wapunguzwe. Na mbwa yeyote mwenye mafundo yaliyoshika ngozi, kidonda chenye funza, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji, nitamnyoa bila maneno.

Kuoga, kwa haraka: chana kwanza, osha baadaye, kwa sababu fundo likilowa linakaza. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali mno kwa ngozi ya mbwa. Kausha mpaka chini, hasa baada ya kuogelea baharini, na chumvi uisuuze kwa maji baridi.

Kuhusu kupe: kunyoa hakuwamalizi. Wanajificha ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, mahali ambapo mashine haifiki, na kupe wa mbwa anaishi sehemu kubwa ya maisha yake nje ya mbwa, kwenye nyufa za ukuta na za banda. Mtibu mbwa na banda pamoja, kwa dawa ya mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikikosewa kipimo, inaua.

Halafu hilo banda. Nikienda majumbani nakuta bati juu, bati ubavuni, mbwa kafungiwa humo toka asubuhi hadi jioni, maji yamepata moto kwenye sufuria. Mbwa huyo mnyoe mpaka ngozi, bado ataelemewa. Mpe kivuli cha mti, maji ya kutosha, sakafu ya saruji, upepo, na umtembeze saa kumi na mbili asubuhi kabla lami haijawaka. Akianza kupepesuka, ufizi umekuwa mwekundu sana, mate yanavutika, mwagie maji ya kawaida, mpepee, na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kama umeshanyoa, usirudie. Mweke mbali na jua la mchana, mlishe protini ya kutosha, maana ugali na mchuzi mtupu haujengi nywele. Mchane kila wiki kwa brashi laini hata kama unaona hakuna cha kuchana, ili manyoya ya ndani yanayotangulia yasifungane. Miezi sita ikipita na bado kuna mabaka, omba daktari apime damu aangalie tezi ya shingo.