Moshi: usiilaumu darubini, tazama mlima

Wapenzi wa nyota wa Moshi huniuliza kila mara kama anga litakuwa wazi usiku. Utabiri wa mkoa mzima hauwezi kuwajibu. Mimi kazi yangu ni hali ya hewa, na hapa kwetu sehemu kubwa ya mawingu hutengenezwa na Kilimanjaro wenyewe.

Mchana jua hupasha joto miteremko, hewa hupanda, hupoa, mvuke wake hugeuka mawingu. Ndiyo maana kilele cha Kibo huonekana alfajiri na kujificha kabla ya adhuhuri. Jua likishatua mwendo hugeuka: hewa baridi, nzito, huanza kuteremka, na kadiri inavyoshuka mawingu huyeyuka. Anayechungulia saa mbili usiku akakata tamaa ameikosa mbingu ya saa tisa.

Ila anga likiwa wazi bado laweza kuwa halijatulia. Hewa ile baridi hufuata makorongo kama maji ya mfereji. Ukiweka darubini korongoni unatazama nyota kupitia mkondo huo: pete za Zohali zinatetemeka, umande unafunika lenzi. Hamia kwenye mgongo wa kilima ulio jirani. Nalisisitiza hili kuliko ukubwa wa darubini.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi inayoniuma, maana ndipo kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, hupita juu sana jioni na usiku. Kusi huleta unyevu wa Bahari ya Hindi, mlima unauzuia, na wingu la kijivu linang'ang'ania Marangu na Kibosho usiku kucha. Wingu lenyewe halifiki juu sana: walioko kambi ya Horombo, mita 3,720, mara nyingi huliona likiwa chini yao. Huna haja ya kupanda huko. Zunguka magharibi, Siha hadi Ngare Nairobi, ambako mlima umekinga mvua na nyanda ni kavu. Ni safari ya gari tu, na nyota za kundi la Nge utaziona zote.

Januari na Februari, wakati wa kaskazi, huna haja ya kuondoka Moshi. Kumbuka tu kwamba mlima uko kaskazini yako, na wingu la mwisho hubaki huko. Anzia kusini: katikati ya Februari, saa tisa usiku, kundi la nyota la Salibu ya Kusini linakuwa limesimama wima.