Mshirika mkuu asiye wa NATO: mshirika wa nani hasa?

Tangu Juni 2024 kuna sentensi inayozunguka redioni, mitandaoni, na hata midomoni mwa watu wanaofuatilia mambo ya ulinzi: "Kenya ni mshirika wa NATO," ile jumuiya ya kujihami ya nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Wengine husogea mbele zaidi, wakasema Kenya imeingizwa NATO kwa mlango wa nyuma, na kwamba ikishambuliwa kesho Marekani haina budi kuja kuitetea. Hakuna hata moja lililo kweli hapo, na kosa limeanzia kwenye jina lenyewe.

Maana yake ni fupi. "Mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO" ni cheo cha kisheria ambacho rais wa Marekani huipa nchi ya kigeni ili ipate upendeleo katika baadhi ya biashara na miradi ya kijeshi ya Marekani. Rais huliarifu Bunge lao siku 30 kabla, kisha huandika waraka kwa waziri wake wa mambo ya nje. Kenya ilipewa tarehe 24 Juni 2024, mwezi mmoja baada ya Biden kulitangaza jambo hilo wakati wa ziara ya Ruto mjini Washington. Ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara, na ya nne Afrika baada ya Misri, Morocco na Tunisia. Orodha wakati huo ikafika nchi 19.

Sasa jina. Kiswahili hakimwachi mshirika peke yake. Lazima aulizwe, wa nani? Jina la Kiingereza, "Major Non-NATO Ally", linataja jumuiya ambayo nchi hiyo haimo, halafu linanyamaza kuhusu aliyetoa cheo. Mhariri akishaandika "mshirika mkuu" anatafuta wa kumalizia, na aliye karibu ni NATO. "Asiye" ikidondoka kwa sababu ya nafasi, habari imegeuka kinyume chake: kilichowekwa ili kusema nchi hii iko nje sasa kinasema iko ndani.

Na NATO haihusiki kabisa. Brussels, yaliko makao makuu yake, hawapigi kura, hawaulizwi, na wanachama wengine 31 hawadaiwi chochote na Nairobi. Hata Kenya ingetaka kujiunga isingeweza, kwa kuwa kifungu cha 10 cha mkataba ulioanzisha NATO mwaka 1949 kinaruhusu kualika nchi za Ulaya tu.

Kwa nini basi NATO imo kwenye jina? Kwa sababu ya sheria ya manunuzi. Katikati ya miaka ya 1980 Bunge la Marekani lilitenga fedha za kufanya utafiti na kuunda silaha pamoja na wanachama wa NATO, ili kila nchi isijitengenezee kifaru chake kwa gharama yake. Mara likajitokeza swali: Japani je? Israeli je? Hizo zilikuwa na viwanda na wahandisi, lakini hazikuwa NATO. Mwaka 1987 ikaundwa kapu la pili kwa ajili ya marafiki walio nje ya jumuiya, na wa kwanza kutiwa humo wakawa Australia, Misri, Israeli, Japani na Korea Kusini. Maneno "asiye wa NATO" yalikuwa ya karani anayejaza fomu: kama si wa kundi lile, mwandike hapa. Mwaka 1996 kikaongezwa kifungu cha 517 katika sheria yao ya misaada ya nje, na cheo kikapata mambo mengine zaidi ya utafiti. Chimbuko lake, kwa hiyo, ni idara ya ugavi.

Neno la pili la kutazama ni "mshirika". Kwa Kiingereza ni "ally", lililopitia Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga kitu kwenye kingine kwa kamba. Kiswahili kina neno linalolingana nalo barabara, na tumelitumia tangu enzi za Nyerere bila kulifikiria: kufungamana. Tunaposema nchi zisizofungamana na upande wowote tunasema sawasawa kwamba hazijajifunga kamba na mtu. Mwenye kufungamana nawe akivutwa, nawe umevutwa.

"Mshirika" halina kamba hiyo. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kuwa na fungu pamoja, uliotupa shirika, ushirika wa wakulima wa kahawa, na hata ushirikina, yaani kumpa Mungu mwenzake wa kugawana naye uungu. Ni neno la mgao, na kwa cheo hiki linafaa kuliko wengi wanavyodhani. Lingefaa zaidi "mbia", maana sheria yenyewe inazungumza lugha ya ubia: nani alete nini, nani alipe nini. Kwa ukali zaidi ningesema ni mteja aliyeruhusiwa kupita nyuma ya kaunta.

Nyuma ya kaunta kuna nini? Nchi yenye cheo inaweza kuazimwa vifaa kwa ajili ya utafiti na majaribio ya pamoja. Inaweza kuingia makubaliano ya mafunzo, kwa sharti kwamba malipo yawe ya pande zote mbili na Marekani irejeshewe gharama zake zote za moja kwa moja. Kampuni zake zinaweza kuomba zabuni za kukarabati zana za jeshi la Marekani zilizo nje ya Marekani. Inaweza hata kufikiriwa inapoomba kununua risasi za kutoboa vifaru zilizotengenezwa kwa mabaki ya urani. Angalia vitenzi: inaweza, kuomba, kufikiriwa. Hakuna "itapewa".

Lililo na uzito kwa nchi kama Kenya ni kutangulizwa kwenye vifaa vya ziada, yaani mitumba ya jeshi: magari ya deraya, helikopta, boti ambazo Marekani imeacha kuzitumia. Hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Vifaa hivyo hutolewa jinsi vilivyo na mahali vilipo. Kufungasha, kusafirisha na kufufua injini kwa kawaida ni juu ya mpokeaji, na baada ya hapo kuna vipuri, mafundi na mafuta kwa miaka yote ambayo chombo kitatumika. Helikopta ya bure isiyo na bajeti ya vipuri hugeuka pambo la uwanjani, kisha hung'olewa vifaa ili kuponya zile mbili zinazoruka.

Jingine ni akiba ya vita. Nchi yenye cheo inaweza kuwekewa maghala ya silaha za Marekani katika ardhi yake, nje ya kambi za Marekani. Lakini mali inabaki ya Marekani. Israeli ina akiba ya namna hiyo, na vita vya Ukraine vilipomaliza makombora ya mizinga, Marekani ilichota humo ikayapeleka Ukraine. Ghala liko kwako, funguo ziko kwao.

Katika yote hayo ahadi ya kulindwa haimo, na wizara ya mambo ya nje ya Marekani imeandika wazi kwamba cheo hiki hakibebi dhamana yoyote ya usalama. Wala si mkataba: hakuna nakala mbili zilizotiwa saini na pande mbili, hakuna bunge la mpokeaji linaloidhinisha. Kinatolewa na mtu mmoja na kinaondolewa na mtu huyohuyo, kwa taarifa ya siku 30. Afghanistan ilipewa mwaka 2012. Taliban wakaingia Kabul Agosti 2021, na cheo kikafutwa Septemba 2022. Kwa zaidi ya mwaka mzima Afghanistan ya Taliban ilikuwa, kwa karatasi, mshirika mkuu wa Marekani.

Anayetaka mfano mkali zaidi aitazame Qatar. Ilipata cheo mwaka 2022, na ina kambi ya Al Udeid, kubwa kuliko zote za Marekani Mashariki ya Kati. Tarehe 9 Septemba 2025 Israeli iliishambulia Doha kwa ndege. Israeli nayo ina cheo hichohicho, tangu orodha ya kwanza. Nchi mbili za kapu moja, moja imeipiga nyingine mabomu, na hakuna kifungu cha cheo hicho kilichovunjwa. Mwisho wa mwezi huo Trump alilazimika kutia saini amri ya pekee, kwamba shambulio la silaha dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa Marekani. Cheo kingekuwa na ulinzi ndani yake, amri hiyo ingekuwa ya nini? Na hata hiyo ni amri ya rais tu. Ajaye anaweza kuichana.

Wanaokataa hujibu kwa Japani. Kweli, Marekani ina wajibu wa kuitetea Japani, lakini wajibu huo unatoka katika mkataba wa 1960. Wa Korea Kusini ni wa 1953, wa Ufilipino ni wa 1951. Ukiwafuta kwenye orodha ya washirika wakuu leo, mikataba yao inabaki palepale. New Zealand ndiyo inayoonyesha tofauti vizuri: mwaka 1986 Marekani ilisimamisha wajibu wake wa kuilinda baada ya New Zealand kuzuia meli za nyuklia bandarini, na muongo mmoja baadaye ikaipa cheo hiki. Kamba ilikatwa, kaunta ikafunguliwa.

Kuna pia wanaochanganya cheo na kambi. Kambi ya kudumu ya Marekani barani Afrika iko Djibouti, na Djibouti haimo kwenye orodha. Oman iliruhusu Marekani kutumia vituo vyake tangu 1980, nayo haimo. Kenya ilikubali jambo kama hilo mwaka huohuo wa 1980, na Al-Shabaab walipovamia kambi ya Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020 wakaua Wamarekani watatu, cheo kilikuwa bado miaka minne mbele.

Kama unatafuta ahadi ya ulinzi katika eneo letu, itafute Dar es Salaam. Hapo, Agosti 2003, nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, zilitia saini mkataba wa kulindana. Kifungu chake cha 6 kinasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama ni tishio kwa amani ya kanda, nalo litajibiwa mara moja kwa hatua ya pamoja. Huko ndiko kufungamana. Tanzania na Kongo zimo. Kenya si mwanachama wa SADC. Kwa msingi wa mkataba huo askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walipelekwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kuanzia Desemba 2023. Goma, mji mkuu wa jimbo hilo, ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Machi 13 wakuu wa nchi wakaamua kuufunga ujumbe huo.

Ndiyo, hata kamba hulegea. Mkataba wa SADC unamwachia kila mwanachama ashiriki kwa namna anayoona inafaa, na kifungu cha 5 cha NATO kinasema karibu hivyohivyo: kila nchi ichukue hatua inayoona ni ya lazima. Anayeudhiwa na ulegevu huo ana haki. Ila kule kuna wajibu wa kulegea. Kwenye cheo cha Kenya hakuna wajibu wa kulegeza.

Kwa wanaoandika vichwa vya habari, basi: "mshirika wa Marekani aliye nje ya NATO" inatosha, na inamtaja mwenye orodha. Nafasi ikiwa finyu, kateni NATO, muiache Marekani.