Mahindi Uliyoyakataa Wewe, Usimpe Mbwa

Katika maboma mengi ya huku kwetu magharibi mwa Kenya, kuanzia Ahero hadi Webuye, mbwa hana chakula chake. Ana kinachobaki. Watu wakishakula, ukoko wa ugali unakwanguliwa, unalowekwa kwa maji ya kusuuzia sufuria, miiba ya samaki inatupiwa juu, kisha mbwa anaitwa. Sisi madaktari wa mifugo hatuna ugomvi na mabaki. Wazee walifuga mbwa hivyo na mbwa wakaishi. Ugomvi unaanza pale bakuli lake linapogeuka pipa la kila kitu ambacho watu wa nyumba hiyo wamekiogopa kukila: punje zenye kuvu, unga ulioingia uchungu, ini la ng'ombe lililokutwa na vifuko vya maji. Mbwa wa namna hiyo akiletwa kwetu anatapika, mwenyewe huapa kwamba amelishwa sumu na jirani. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine tukiulizia vizuri tunakuta sumu ilitoka ghalani kwake.

Nitaanza na mahindi. Kakamega na Bungoma mavuno ya msimu mrefu huanza mwezi wa Agosti hivi, na mvua inakuwa bado haijakatika. Mahindi yanaingia nyumbani na unyevu, yanarundikwa pembeni mwa sebule au yanatiwa guniani kabla hayajakauka, na baada ya muda punje zinaanza kuota ukungu wa kijani au wa manjano. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus ndiyo inayotupa shida, kwa sababu hutoa sumu ya aflatoksini. Kenya tunaijua sumu hii kwa machungu: mwaka 2004, upande wa Ukambani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoharibika na 125 kati yao wakafa. Tangu wakati huo akina mama wengi hawasagi kabla ya kuchambua. Punje mbovu zinatupwa kwenye debe la kando, na ukiuliza za nini unajibiwa, "Hizo ni za kuku na mbwa."

Kuku nao wasipewe, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka sana na aflatoksini, na kinachoshambuliwa kwanza ni ini. Kupika hakusaidii. Moto wa jikoni hauwezi kuivunja sumu hii, kwa hiyo ugali utaiva vizuri na sumu itakuwa ndani yake. Kuosha au kuanika upya kunaondoa ukungu unaoonekana tu. Mbwa anaweza kula unga huo kwa majuma kadhaa akionekana mzima, halafu siku moja anagoma kula, analala tu, anatapika. Mfunue mdomo utazame ufizi: badala ya rangi ya waridi utaona manjano, na weupe wa macho vivyo hivyo. Mkojo unakuwa wa kahawia iliyokoza. Akianza kuharisha damu, ujue ini limeumia vibaya. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu yenyewe. Tunamtundikia maji, tunampa dawa za kulisaidia ini, na tunangoja tuone. Wanaoletwa mapema wana nafasi. Wanaoletwa wakiwa wa manjano tayari, wengi hatuwaokoi.

Mwenye uwezo asidhani chakula cha paketi kinamtoa kabisa kwenye hatari hii. Marekani, mwishoni mwa 2020, chakula cha mbwa cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye aflatoksini kilihusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 110. Kama mahindi ni mabovu, ni mabovu tu, hata yakiwa ndani ya mfuko wenye picha nzuri.

Kujua kama mahindi yako yamekauka hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi uliyoianika ikakauka, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye glasi, bado yana maji mengi, yarudishe juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi miezi mingi, shabaha ni asilimia 13.5, kwa hivyo hata baada ya kipimo hicho yape siku nyingine juani. Usianike chini kwenye udongo, tandika turubai. Na yale yaliyokwisha kuota kuvu yafukie shimoni. Najua inauma kuzika chakula.

Sasa ugali wenyewe. Kuna watu wamesoma mtandaoni kwamba mbwa ni mla nyama kama mbwa mwitu (wolf) na ugali unamuua. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti waliolinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu walionyesha kwamba mbwa amepata nakala nyingi zaidi za jeni ya kusaga wanga. Ameishi na binadamu wakulima kwa muda mrefu na tumbo lake limezoea. Tatizo la ugali mtupu ni upungufu wa protini. Unga wa mahindi una protini asilimia 9 hivi, nayo si ya kukamilika, ilhali mbwa mzima anahitaji chakula chenye asilimia 18 kikipimwa kikavu, na mtoto wa mbwa zaidi ya 22. Ndiyo sababu unaona mbwa ana tumbo lililojaa na mbavu zinazohesabika, manyoya makavu, kidonda kisichofunga.

Hapa sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tuna bahati, maana tuna omena, yaani dagaa. Omena iliyokauka ina protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa inaliwa nzima, mbwa anapata na madini ya mifupa. Ukichanganya, kwa uzito, unga sehemu tatu na omena sehemu moja, unafika karibu asilimia 20. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anahitaji kwa siku kama robo kilo ya vitu vikavu: unga gramu 190 na omena gramu 60, pungufu au zaidi kidogo kulingana na kazi yake. Ukiweza, mpimie mara moja kwenye mizani ya dukani, uone mkono wako unashika kiasi gani, kisha uendelee kwa makadirio.

Omena ina namna yake ya kuandaliwa. Nyingi huanikwa chini, kwa hiyo hubeba mchanga, na mchanga huo ukiliwa kila siku unasaga meno na kumsumbua mbwa tumboni. Tia omena kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ikoroge kwa mkono, iache kidogo. Mchanga utazama. Sasa iokote kwa juu kwa viganja, usiimimine na maji yake, la sivyo umeurudisha mchanga wote. Badilisha maji, rudia hadi ukipapasa chini ya beseni usisikie chembe. Ichemshe dakika kumi, nyunyiza unga humo humo, songa ugali mlaini kuliko wa watu, ungoje upoe. Chumvi haina kazi hapo. Kitunguu usithubutu.

Kila mwaka kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena upande wetu wa Ziwa Victoria hufungwa ili samaki wazaane, na bei ya gorogoro (kopo la kupimia) pale soko la Kibuye, Kisumu, hupanda. Ndipo watu hurudi kwenye ugali mtupu. Nunua na uhifadhi pakavu mapema, au tumia maharagwe yaliyochemka hadi yakapondeka, au mapafu ya ng'ombe kutoka buchani. Mapafu yana kasoro moja: hayana kalsiamu ya kutosha. Mtoto wa mbwa akilelewa kwa mapafu na ugali tu, miguu yake ya mbele inapinda. Mchanganyie na omena hata kama ni konzi moja. Mgongo wazi wa mbuta (sangara), yaani uti unaobaki minofu ikishaondolewa, ule unaouzwa Obunga kule Kisumu, una nyama nzuri bado. Chemsha, nyofoa nyama, mpe na supu, lakini uti wenyewe utupe kwenye shimo lenye mfuniko. Mifupa ya mbuta ni migumu na ina ncha. Ya kuku iliyopikwa nayo ni hivyo hivyo, hupasuka vijiti vikali na kutoboa utumbo.

Nikutajie kitu ambacho wengi hawakidhanii kabisa: gunzi. Msimu wa mahindi ya kuchoma, mbwa wanayaokota magunzi barabarani na nyumbani kwa sababu yana chumvi na harufu ya moto. Mbwa hatafuni gunzi likalainika, anameza vipande. Kipande hakisagiki tumboni na kinaweza kuziba utumbo, pengine siku kadhaa baada ya kuliwa. Kokwa la embe na la parachichi ni ndugu zake. Mbwa aliyezibwa hutapika kila anachokula, hata maji, hapati choo, anakunja mgongo kwa maumivu. Huyo tiba yake ni kisu. Upasuaji ni ghali, na ukichelewa utumbo unaoza. Watoto wafundishwe kutupa gunzi jikoni liwe kuni.

Halafu kuna matanga. Ng'ombe anachinjwa nyuma ya nyumba, hakuna mkaguzi wa nyama, na mbwa wa kijiji kizima wamekaa wakingoja. Ini au pafu likikutwa na vifuko vyenye maji, mchinjaji hulikata na kuwarushia. Ndani ya baadhi ya vifuko hivyo mna vijitegu vichanga vya Echinococcus. Mbwa akila, tegu hukomaa katika utumbo wake bila yeye kuugua, na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto anayemshika mbwa manyoya kisha akala bila kunawa anameza mayai hayo, na miaka baadaye anakutwa na uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana ugonjwa huu umesumbua watu kwa miongo mingi, na mzunguko wake unaweza kuanza popote pale panapochinjwa hivyo. Viungo vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe kina ambacho mbwa hatafukua. Ukikosa njia nyingine, vichemshwe nusu saa nzima. Dawa ya tegu ni yenye prazikwanteli. Dawa ya kawaida ya minyoo unayompa mbuzi haitoshi kwa tegu huyu, kwa hiyo dukani taja jina hilo waziwazi.

Vingine vya kukwepa: mchuzi wenye vitunguu vingi, kwani kitunguu kibichi au kilichopikwa huharibu chembe nyekundu za damu, chokoleti, zabibu, chingamu zisizo na sukari zenye zailitoli, na machicha ya busaa, ambayo yamebeba pombe na hamira. Watoto wa mbwa wasipewe maziwa ya ng'ombe kwa wingi, huwaharisha. Wakifika wiki nne waanzishiwe uji mzito wa omena iliyosagwa, mara nne kwa siku.

Kuhusu mbwa wa ulinzi, bado tunakutana na watu wanaomnyima chakula ili awe mkali, au wanaomchanganyia pilipili. Mbwa mwenye njaa huenda kuzurura sokoni usiku, na nyama ya kutupiwa na mwizi ataipokea kwa shukrani. Anayekula nusu asubuhi na nusu jioni, kwenye bakuli lake, baada ya kuamriwa kukaa na akakaa, ndiye unayeweza kumfundisha asile kwa mkono wa mgeni.

Akiugua ghafla baada ya kula, usimnyweshe mafuta ya kupikia wala maziwa. Yanaweza kuingia mapafuni na kumuongezea ugonjwa. Usimpe parasetamoli wala diklofenaki ya watu. Mlete kliniki au piga simu kwa daktari wa mifugo wa wadi yako, na uje na kiganja cha unga au cha chakula alichokula, kwenye karatasi kavu. Tueleze unga ulisagwa lini na mahindi yalitoka wapi. Na kama familia bado inakula kutoka gunia hilo hilo, acheni kulitumia kuanzia mlo huo, na yeyote mwenye kutapika au macho ya manjano apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.