Kwa nini sungura na simbilisi wasilale banda moja?

Je, wajua kwamba sungura mzima wa afya, asiyepiga chafya wala kutoa kamasi, anaweza kumuua simbilisi anayelala naye banda moja bila hata kumgusa? Na kwamba simbilisi huyo anaweza kuugua kiseyeye ilhali anashiba kila siku?

Si ajabu kuwakuta pamoja nyuma ya nyumba, iwe Sakina na Ngarenaro kule Arusha au Pasua na Majengo pale Moshi. Mbao na wavu bei haishikiki, wanyama wote wawili wanakula majani, na watoto wanapenda kuwaona wamejikunja kona moja. Wenye mabanda ya namna hiyo hujitetea kwa kusema wanyama wao hawagombani. Sawa, lakini utulivu huo hauelezi lolote kuhusu afya yao, na madhara makubwa hapa hayaji kwa ugomvi.

Nianze na pua ya sungura. Ndani yake, kwa sungura wengi, huishi bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica. Sungura amemzoea, na mara nyingi haugui. Simbilisi akimvuta kwa hewa, bakteria huyo hushuka mapafuni na kuleta nimonia. Mnyama hujikunyata, manyoya husimama, huacha kula, na wakati mwingine hufa kabla mwenye banda hajashtuka. Mbwa naye huweza kumbeba bakteria huyu, kwa hiyo kizimba cha simbilisi kisikae jirani na kibanda cha mbwa. Juni na Julai, Arusha ikifunikwa na mawingu, wafugaji huziba mabanda kwa maturubai na viroba. Hewa haizunguki, harufu kali ya mkojo inajaa, na mapafu yaliyokwisha kuwashwa na harufu hiyo hushambuliwa kirahisi zaidi.

Mnyama akishaumwa hivyo, kuna anayekimbilia duka la dawa na kumnywesha amoksilini. Tafadhali, usifanye hivyo. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kunywa huua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, na wa sungura pia, kisha wale wabaya huzaliana na kutoa sumu. Kuhara kunakofuata huua haraka kuliko ile nimonia. Mpigie daktari wa mifugo.

Sasa kiseyeye. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mikate mitupu. Wanyama hao wakapata ugonjwa uleule wa fizi kutoka damu uliowamaliza mabaharia kwa karne nyingi, na waliopewa kabichi mbichi au maji ya limao wakanusurika. Ilikuwa bahati, kwa kuwa wanyama wengi wa maabara wasingeugua kabisa. Ini la sungura hujitengenezea vitamini C. Simbilisi, kama binadamu, amepungukiwa na kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kazi hiyo, hivyo lazima aipate kwenye chakula: takriban miligramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na hadi 30 akiwa na mimba.

Ndiyo maana chakula cha kiwandani cha sungura hakimtoshi. Watengenezaji hawana sababu ya kuongeza vitamini ambayo sungura hahitaji kupewa. Mabingobingo yakiwa mabichi, simbilisi hana shida. Kiangazi kikikaza, mfugaji akabaki na pumba na majani makavu, ndani ya wiki mbili au tatu utamwona simbilisi anachechemea, viungo vimevimba, analia ukimshika. Kipande cha hoho, majani ya sukuma wiki au kipande kidogo cha pera kila siku humaliza tatizo. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, lakini zina sukari pia, kwa hiyo usimjazie.

Wakati tuko kwenye majani: kwa kuwa miparachichi imejaa kila uwanja huku kwetu, wengine hukata matawi yake na kuyatupa bandani. Majani hayo ni sumu kwa wote wawili.

Kuhusu mateke sitasema mengi. Sungura wa aina ya New Zealand White hufika kilo 4 hadi 5, simbilisi ni kilo moja hivi, na teke moja la miguu ya nyuma linaweza kuvunja mbavu. Mara nyingi halipigwi kwa hasira. Sungura ameshtuka tu. Dume asiyehasiwa ni balaa zaidi, maana humpanda simbilisi kutwa nzima. Na hawaelewani: sungura akiinamisha kichwa anaomba kulambwa, simbilisi hajui analoombwa. Simbilisi akipiga miluzi, sungura hana jibu.

Mwenye simbilisi mmoja atauliza: nikimtoa, si atakuwa mpweke? Atakuwa. Dawa yake ni simbilisi mwenzake, majike wawili au dume aliyehasiwa na jike. Sheria za Uswisi za mwaka 2008 zinataka hivyo hasa: simbilisi afugwe na wa aina yake. Ukikosa nafasi ya mabanda mawili mbalimbali, angalau tenganisha kwa ukuta wa mbao usiopitisha hewa badala ya wavu, na usiwapange kwa ghorofa mkojo wa wa juu ukamdondokea wa chini.

Na kuku je, wakifugwa pamoja na sungura? Koksidia, vimelea wa utumbo waletao kuhara damu, wa kuku si wa sungura, kwa hiyo hofu ya kuambukizana kuhara damu haina msingi. Hatari iko kwenye chakula. Chakula cha broila mara nyingi huchanganywa dawa ya kuzuia koksidia, na baadhi ya dawa hizo, kama salinomaisini na narasini, humlegeza sungura miguu hadi akashindwa kuinuka. Kuku humwaga chakula ovyo, na sungura aliye chini huokota. Mfuko wa broila ukae mbali na pumba za sungura, na kopo la kuchotea lisiwe moja.