Laptopu nzito? Angalia vumbi kabla ya virusi

Hapa Dodoma, hasa kiangazi upepo unapokolea, lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: "Fundi, mashine imekuwa nzito, nadhani imeingia virusi." Naiwasha, naweka kiganja kwenye tundu la hewa la pembeni. Feni inavuma kwa nguvu zake zote, lakini hewa inayotoka ni haba, tena ya moto. Hapo programu ya kuua virusi haina kazi.

Ndani ya laptopu, feni husukuma hewa ipite katikati ya mapezi membamba ya shaba au alumini yaliyobanana sana. Vumbi, nywele na nyuzinyuzi za zulia hunasa upande wa ndani, kati ya feni na mapezi, hadi vikashikana kama sufi ya mto. Ukichungulia kwa nje huoni kitu. Prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, ikikosa kupoa na joto likakaribia nyuzi 100 za Selisiasi, hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima. Huo ndio uzito wenyewe.

Ndiyo maana kupuliza kwa nje hakusaidii sana: unalirudisha lile sufi kwenye feni, na baada ya wiki chache limerudi mahali pake. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa na plagi ya betri iliyo ndani, kisha toa feni. Sufi litoe kwa kibano, mabaki uyapanguse kwa brashi laini na kavu. Ukitumia blowa, izuie feni kwa kidole, maana ikizungushwa kupita kiasi beringi huumia. Lile bomba la shaba lililolalia prosesa usilinyanyue kama huna pesti mpya ya kupitisha joto ya kupaka kati yake na prosesa. Ya zamani ikishaachia haishiki tena vizuri.

Kompyuta ya mezani ni nafuu zaidi. Toa boksi (lile ambalo wengi huliita sipiyu) hadi barazani, fungua ubao wa pembeni, pitisha brashi na blowa. Pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoingiza umeme, ipulizie kwa nje tu, usiifungue hata kidogo: kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kukurusha hata ikiwa imeshachomolewa. Na tafadhali, msipeleke boksi kwa fundi pancha. Tangi la kompresa hukusanya maji, na presha inayojaza tairi la lori si ya kupuliza madabodi.

Nyumbani, boksi likae juu ya stuli, si sakafuni ambapo fagio hulilisha vumbi kila asubuhi. Chumba chenye kompyuta heri kipigwe deki. Vile vitambaa vya kufuma ni vizuri, ila vifunike mashine iliyozimwa na kupoa. Laptopu nayo isiwekwe juu ya godoro, kwani nyingi huvutia hewa kwa chini.

Kwa vumbi letu, mimi hufungua mara mbili kwa mwaka, kiangazi kinapoanza na kinapoisha. Walio Tanga, Mombasa na pwani yote wana shida nyingine: unyevu wenye chumvi hulifanya vumbi linate, blowa isiling'oe. Huko tumia mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache pakauke kabisa ndipo urudishe betri.