Kabla ya kuchagua dawa ya kuzuia testosteroni, uliza maabara yako inapima nini

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kutoka kwa wanawake trans (wanawake walioandikwa wavulana walipozaliwa), wa Kigoma mjini, wa Kasulu na hata wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huuliza jambo moja: kati ya dawa za kuzuia testosteroni, homoni ya kiume, yaani spironolaktoni, siproteroni na bikalutamaidi, ipi kali? Mimi ni mfamasia, na jibu langu huwaudhi wengi. Ukali usikusumbue. Zote tatu hufanya kazi zikiandamana na estrojeni (homoni ya kike) ya kutosha. Zinapoachana ni kwenye madhara: moja huchezea potasiamu, nyingine imehusishwa na uvimbe kichwani, ya tatu inaweza kuharibu ini. Ndiyo maana naanzia maabara. Dawa ambayo madhara yake huwezi kuyapima unakoishi, hata isifiwe vipi, mimi sikushauri uimeze.

Kwanza tuelewane zinavyofanya kazi. Kwa watu wa Kigoma nitatumia mawese. Unaweza kuzuia chikichi zisikamuliwe, mafuta yasipatikane kabisa. Hivyo ndivyo zinavyofanya sindano za goserelini na, kwa sehemu kubwa, siproteroni, ambazo hukata amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye korodani. Unaweza kuacha mafuta yakamuliwe lakini ukafunga mlango wa mnunuzi. Hiyo ni bikalutamaidi, inayokalia vipokezi vya seli ili testosteroni ikose pa kushika. Au unaweza kuacha mafuta yauzwe ila yasigeuzwe sabuni. Hiyo ni finasteraidi, inayozuia testosteroni isigeuke kuwa dihidrotestosteroni, homoni yenye mkono mkubwa kwenye upara. Spironolaktoni hufunga mlango, na ukamuaji nao hupungua kidogo, lakini si kwa kutegemewa.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa na majibu ya damu. Anayetumia bikalutamaidi anaweza kukuta testosteroni iko juu kuliko mwanzo, na dawa inafanya kazi vizuri tu. Anayetumia spironolaktoni anaweza kuona ngozi imelainika na matiti yameanza kuota huku namba haijashuka sana. Kwa siproteroni na sindano, namba lazima ishuke. Isiposhuka kuna kitu hakiko sawa.

Kuna swali lingine ambalo hutangulia yote hayo: je, dawa ya kuzuia testosteroni unaihitaji kweli? Estradioli, aina ya estrojeni, ikiwa peke yake na dozi inatosha, huuambia ubongo kwamba homoni zipo, na ubongo hupunguza amri kwa korodani. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, unalenga testosteroni iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita, na wapo wanaofika hapo bila kizuizi chochote. Aliyeondolewa korodani hana haja nayo. Lililo baya ni kinyume chake, yaani kukata testosteroni kwa miezi na miaka bila kuweka estrojeni. Mifupa inataka homoni mojawapo. Ikikosa zote mbili hupungua uimara, na mwili wenyewe huchoka na kutokwa majasho ya ghafla.

Sasa spironolaktoni, ambayo ndiyo rahisi kuipata hapa.

"Dokta, si hii ni dawa ya moyo?"

"Ni ya moyo, mdogo wangu, na ya presha, na ya tumbo lililojaa maji."

Mwambao huu una kichocho, na kichocho cha muda mrefu huumiza ini na kujaza maji tumboni, kwa hiyo hospitali zetu zinaijua dawa hii vizuri. Bei yake inavumilika. Mwongozo uleule unataja miligramu 100 hadi 300 kwa siku, na madaktari wengi huanza chini ya hapo na kupanda taratibu. Utakojoa sana wiki za mwanzo, utasikia kiu, na ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasa kama presha yako ni ya chini kwa asili. Imeze asubuhi ili usiku ulale.

Kazi kubwa ni potasiamu. Spironolaktoni huifanya figo iizuie badala ya kuitoa. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, ikivuka 5.5 dawa inapunguzwa au kusimamishwa, ikivuka 6 hiyo ni dharura kwa sababu moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mwongozo unataka ipimwe kila baada ya miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Kijana mwenye figo nzima mara nyingi hapati shida. Anayenitia wasiwasi ni yule anayechanganya dawa.

Na hapa dawa inayochanganywa ina jina: Septrin, antibiotiki. Trimethoprimu iliyomo ndani yake nayo huizuia potasiamu kwenye figo, kwa njia yake yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichapisha kwamba wazee waliokuwa wakitumia spironolaktoni walikufa vifo vya ghafla zaidi walipopewa Septrin kuliko walipopewa amoksilini. Wewe si mzee, najua. Lakini kwetu Septrin hununuliwa kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa UTI, na wapo wanaoimeza kila siku kupitia CTC, kliniki ya VVU. Anayemeza Septrin kila siku, mimi simpi spironolaktoni bila mazungumzo na daktari wake. Kaa macho pia na dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan, pamoja na diklofenaki za kila siku za mgongo. Ukishikwa na kuhara au kutapika, simamisha spironolaktoni mpaka upone na uanze kula na kunywa kawaida: figo iliyokauka maji haitoi potasiamu, na ORS yenyewe ina potasiamu ndani. ORS kunywa, usiache. Kinachosimama ni kidonge.

Kipimo chenyewe nacho kinaweza kudanganya. Damu ikichukuliwa Ujiji asubuhi, ikazungushwa kwenye bodaboda juani na kufika maabara mchana bila kutenganishwa, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yake kwenye majimaji. Majibu yanakuja 6.2 kwa mtu mzima wa afya. Kufungwa mkanda mkononi muda mrefu na kuambiwa "kunja ngumi, fungua, kunja" huongeza namba vilevile. Maabara nzuri itaandika kwamba sampuli ilipasuka. Isipoandika, na wewe hujisikii vibaya, rudia kipimo siku hiyohiyo ukiwa maabarani penyewe. Lakini majibu hayo yakiandamana na udhaifu wa misuli au moyo kuruka mapigo, usirudi nyumbani kusubiri, nenda hospitali.

Siproteroni ina sifa kubwa Ulaya, na ni kweli inashusha testosteroni kwa uhakika. Marekani haijawahi kuidhinishwa, ndiyo maana mijadala mingi ya mtandaoni, inayotoka huko, inazungumzia spironolaktoni kana kwamba hakuna nyingine. Shida ya siproteroni ni dozi za zamani. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya liliweka masharti kwa sababu ya meningioma, uvimbe kwenye utando wa ubongo, ambao hatari yake hupanda kadiri jumla ya dawa uliyomeza kwa miaka inavyoongezeka. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Ulaya kwa wanawake trans ulioonyesha kwamba miligramu 10 kwa siku hushusha testosteroni sawa na 25, 50 au 100. Kwa maneno mengine, wengi walimeza dozi kubwa bure.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Pakiti zinazovuka ziwa zikiwa na karatasi ya Kifaransa zinaweza kuwa na vidonge vya miligramu 50 au 100. Soma namba kabla ya kusoma kitu kingine. Cha 50 hukatwa robo, ikawa 12.5, kizima kila siku ni dozi ambayo sasa hakuna sababu ya kuifikia. Dawa hii huweza pia kuangusha moyo, kwa maana ya huzuni nzito isiyo na chanzo, na kama umewahi kupambana na sonona ningekuelekeza kwingine. Kuumwa kichwa kusikokoma, kuona ukungu au degedege kwa mtu anayeitumia kunahitaji MRI, na kwetu hiyo ni safari ndefu. Pima safari hiyo kabla hujaanza.

Bikalutamaidi ni dawa ya saratani ya tezi dume. Haigusi potasiamu wala haikukojoshi, na naelewa inavyopendwa. Lakini imewahi kusababisha ini kufeli, kwa watu wachache sana, mara nyingi ndani ya miezi ya mwanzo. Vimengʼenya vya ini vipimwe kabla, kisha kwa ukaribu miezi hiyo. Kabla ya yote, pima homa ya ini B; hapa nchini si ugonjwa wa kutafuta kwa tochi. Kama uko kwenye dozi ya TB, au unameza isoniazidi ya kinga, ini lako tayari lina mzigo, subiri umalize. Macho yakigeuka njano au mkojo ukawa rangi ya chai, acha siku hiyohiyo na uende hospitali.

Flutamaidi, ndugu yake mkubwa, iache kabisa. Ketokonazoli ya vidonge pia: ni kweli inashusha testosteroni, lakini Ulaya ilisimamishwa kama dawa ya fangasi mwaka 2013 kwa sababu ya ini. Goserelini, miligramu 3.6 kila siku 28, ndiyo safi kuliko zote, na bei yake ndiyo inayomaliza mjadala. Finasteraidi ni ya nywele. Usiitegemee kwa mengine.

Vidonge vya majira, yaani vya kupanga uzazi, navyo visitumike kama njia ya mkato. Estrojeni iliyomo, ethinilestradioli, hugandisha damu kuliko estradioli ya kawaida, na anayemeza vitatu vinne kwa siku ili "kuharakisha" anaitafuta damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, zaidi sana akiwa anavuta sigara.

Ukienda kutibiwa malaria, jino au kikohozi, mtajie anayekuandikia jina la dawa unayotumia na miligramu zake. Hulazimiki kumweleza kwa nini unaitumia. Spironolaktoni humezwa na wenye presha kila siku, na jina hilo peke yake linatosha kumzuia asikuandikie Septrin.